Kilima Kinachosubiri Jina

Nabwire mjukuu wangu, huyo babu yako mpya, Wafula, bado ananichekesha mpaka chai inapoa. Mimi huyu, bibi harusi mwenye mvi. Hapa Mafubira, Jinja, sote wazima.

Umeniuliza vilele vya mlima Masaba vilipataje majina. Nikiwa sekondari hapo Mbale, nilipanda mlima na akina mama waliokwenda kuchuma malewa, yale machipukizi ya mianzi. Nikaonyesha kilima kimoja, nikauliza kinaitwaje.

"Hakina jina," mama mmoja akasema. "Jina hutolewa na anayerudi. Anayepanda mara moja ni mpita njia tu."

"Basi nitarudi."

Kijana mmoja mchumaji akacheka. "Na viatu hivyo vya shule? Dada wa Jinja, utarudi ukitambaa."

Sikurudi. Niliolewa, nikalea, nikafiwa na mume. Kijana yule ndiye Wafula, na kila asubuhi ananiuliza, "Dada wa Jinja, kilima chetu kinaitwaje?"

Mama yako anasema magoti yangu hayawezi. Magoti ni yangu, nitayapandisha polepole. Jina ninalo tayari, ila nitalitamka kulekule juu. Kabla mwezi haujaisha tutafika kwako Mbale. Ututafutie fimbo mbili.

Bibi yako