Chapa ya Kwanza, Mwezi wa Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake. Umri: miaka 54. Kazi: mwuza vitabu vya zamani. Makazi: chumba cha juu ya duka lake.

Nimekuja kwa hiari yangu nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu ana shaka na hilo la pili.

Kazi yangu ni kutambua chapa ya kwanza ya kitabu, maana wakusanyaji hawataki nyingine. Nyuma ya ukurasa wa jina huwa kuna mstari wa tarakimu, moja hadi kumi. Kitabu kikichapwa upya, tarakimu ndogo kuliko zote huondolewa. Moja ikiwepo, hiyo ndiyo ya kwanza. Makosa ya herufi nayo husaidia, kwa kuwa hurekebishwa baadaye.

Leo Jumanne, tarehe 4, saa 3 asubuhi, mchuuzi wa karatasi kuukuu aliniletea gunia la vitabu. Ndani mlikuwa na riwaya ya shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Dada alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwao tarehe 9 mwezi wa sita, miaka sita iliyopita, akafa papo hapo. Riwaya hiyo ninayo, chapa ya pili, ya mwezi wa nane mwaka huohuo. Kila ninayemjua ana hiyo. Tabaruku yake inasema: "Kwa marehemu mke wangu, aliyetutoka mwezi wa sita." Tuliisoma tukalia, tukamwona shemeji mtu wa maana.

Nakala ya guniani ilikuwa na ile tarakimu 1, ya chapa ya kwanza. Chini yake pameandikwa kuwa imechapwa mwezi wa tatu, mwaka uleule aliokufa dada. Nikafungua tabaruku. Maneno ni yaleyale, mwezi wa sita ukiwemo, ila "marehemu" limeandikwa "maremehu".

Nilikagua gundi, uzi na karatasi kwa saa mbili nikitafuta udanganyifu. Sikuupata.

Kando ya neno hilo palikuwa na alama ya penseli. Dada ndiye aliyesahihisha vitabu vyote vya mumewe, na mwandiko wake naujua tangu aliponifundisha kuandika. Aliandika: "Herufi zimepishana. Irekebishwe chapa ijayo. Tarehe 2, mwezi wa nne." Basi. Dada yangu alisoma kifo chake, akasahihisha tahajia. Kama alimwuliza mumewe, sijui. Niliogopa, afande, na hata sasa naogopa.

Saa 8 mchana nilimpigia simu mpwa wangu, binti yao, anayeishi na baba yake na sasa ndiye anayemsahihishia kazi zake. Sikujua nianzie wapi. Akaniwahi: "Mjomba, una habari? Kitabu kipya baba amekitabaruku kwangu."

Nikamwuliza kimeandikwaje.

"Sijaona. Huo ukurasa kausahihisha mwenyewe, eti nisubiri kitoke."

Alikuwa akicheka. Nilifunga duka nikaja hapa moja kwa moja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sikutia chumvi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Kitabu nimekipokea kama kielelezo. Saa 10:05 jioni nimepiga simu kiwanda cha uchapaji. Wanasema kitabu kipya kimetoka leo asubuhi, na mwandishi mwenyewe amechukua nakala ya kwanza. Nimeomba wanisomee ukurasa wa tabaruku. Wamenisomea. Mwezi uliotajwa ni huu tulio nao. Nimetuma gari nyumbani kwao, nami naondoka sasa.