Mkono Uliovuliwa Glavu

North York, Toronto
Tarehe 3 Machi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo Makete, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Mimi na mkwe wako Shadrack hatujambo. Usishangae kuikuta ndani ya soksi za sufu nilizokununulia. Baba ameibeba bila kujua. Kwenye simu nisingeweza kusema kitu, maana tangu aje kututembelea, kila nikikupigia anakaa ubavuni kwangu.

Mama, mpaka leo nimeduwaa. Unamjua Baba na baridi. Alipofika Januari alitucheka tulivyojifunga maskafu, akasema yeye amekulia kwenye sakitu ya Makete, sisi tumelegezwa na mjini. Siku moja ya jua tulivu, kipimo cha dirishani kikionyesha nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, alikwenda dukani bila glavu akarudi anapiga mluzi. Tangu hapo haambiliki.

Jumapili moja ya Februari kipimo kikasoma nyuzi zilezile, ila upepo ulikuwa ukivuma hadi madirisha yanalia. Shadrack akamwambia kuwa utabiri unasema mwili utaisikia kama ishirini na tisa. Baba akacheka sana. Akasema kipimo hakina uongo, na upepo hauwezi kugeuza kumi na tano ikawa ishirini na tisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe asiposikia, nani amwambie?

Glavu alivaa, nilimvalisha mwenyewe. Ibada ilipokwisha akatoka kusimama nje ya mlango, kama asimamavyo mzee wa kanisa huko nyumbani, akavua ya kulia ili asalimiane na watu. Nilipomsihi aivae akaniuliza tangu lini mtu mwenye adabu akatoa mkono uliofunikwa. Wakongomani na Warundi tunaosali nao walifurahi, maana hapa watu wakitoka kanisani hukimbilia magari. Nami nikaona fahari, nikarudi ndani kuosha vikombe vya chai.

Nilichosikia baadaye ni ukelele. Mama Pulchérie, aliyechelewa kutoka, alikuwa analia kwamba ameshika mkono wa maiti. Nikakimbia. Vidole vya Baba vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa, naye anatabasamu, anasema haumii hata kidogo. Haumii, Mama!

Hospitalini walipouweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, Baba alilia. Sijawahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa Bibi. Daktari Naqiya akatueleza kwamba kipimo hakikukosea, hewa ilikuwa na baridi ileile. Lakini ngozi ya mtu hujizungushia ujoto wake mwembamba, na upepo huupeperusha kila unapotaka kutulia, hadi mwili unashindwa kuurudisha. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinipulizia uji bakulini. Sikujua kama mtu naye anaweza kupulizwa hivyo, tena mlangoni pa kanisa, watu wakimpa mkono na kucheka naye.

Sasa nikuambie alilonikataza. Ule mlango wa gari aliokuambia umembana, nami nikaitikia, haukuwepo. Ni upepo. Wiki iliyopita wamemkata ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kidonda kinapona vizuri, usilie sana. Ila daktari anasema vidole vile huenda vikawa vinasikia baridi maisha yake yote, na wewe unaijua Juni ya Makete. Maumivu anayavumilia. Kinachomtesa ni watu kusikia kwamba baridi imemshinda yeye.

Nisalimie Shangazi na wote wa kwaya. Na ukienda kumpokea stendi, Mama, nina ombi moja. Watu watajipanga kumsalimu, naye ataficha wa kulia mfukoni atoe wa kushoto, na wapo watakaosema Kanada imemfundisha kiburi. Wewe tangulia mbele yao wote. Upokee huo wa kushoto kwa mikono yako yote miwili. Halafu mkifika nyumbani, mlango ukishafungwa, mtoe ule mwingine mfukoni taratibu, uushike mpaka upate joto.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Clara