Blanketi la Mama

Buguruni, 9 Juni 1938

Kaka yangu Ambilikile,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mihogo imestawi, ila Mzee Mwishehe bado hawezi kusimama.

Ulipokuja ulimshukuru mno kwa kuniokota njiani wakati wa vita ya Wajerumani, ukampa blanketi ambalo mama alikutuma umletee. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa mgeni wetu. Hakuniokota, kaka. Alikuwa askari, akanipokonya mikononi mwa mama. Nilibaki na kipande cha nguo yake kiganjani.

Unaniita nyumbani. Lugha yenu imenitoka, na hata ukiniita Atuganile nachelewa kuitika. Hapa nilichezwa ngoma, nikaozwa, nikazaa. Mzee huyo ndiye ninayemwogesha kila asubuhi. Nimemchukia miaka yote, na miaka yote namwita Baba. Sirudi.

Ulipoondoka alilikataa blanketi. Alilikunja, akaniambia nilichukue, machozi yakimtoka.

Habari za askari usimweleze mama. Mwambie tu kwamba blanketi lake linanifunika mimi.

Mdogo wako,
Tunu