Mbwa Mwitu Ulionitumia

Mdogo wangu mpendwa,

Huku tunasukuma siku. Bomba la jikoni bado linavuja, na mgongo nao umenigomea.

Vile vitabu vyako vya wanaume wanaogeuka mbwa mwitu nimevimaliza mwezi huu, nikimsomea shemeji yako kwa sauti. Vituko vitupu! Kila mtu akijigeuza, shati linachanika. Mimi fundi cherehani nawaza tu mashati yote yale nani atayashona.

Tangu apate kiharusi, shemeji yako ananiita nesi. Nimechoka kumsahihisha. Lakini kwenye vitabu vyako, mume hata akiwa mnyama humtambua mkewe kwa harufu, na mimi siku hizi nanuka dawa ya sakafu tu. Basi jana nikaitoa cherehani uvunguni mwa kitanda, nikaitia mafuta, nikashona mpaka mikono ikanukia kama zamani. Kisha nikaenda kumlisha uji.

Akakishika kiganja changu, akakinusa, akatabasamu.

“Nesi,” akasema, “unanukia kama mke wangu. Umemwona wapi?”

Nikamwambia yuko njiani, anakuja.

Kama una vitabu vingine, nitumie.

Dada yako,
nesi wa shemeji yako.