Nani Anakutazamia Magurudumu

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu haukusumbui na mvua hizi. Mimi mzima, na mjukuu wako naye mzima, ingawa hujamuulizia. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, nami nimechoka kuusikiliza mlio.

Baba, nimeutoa chini ya kitanda ule upinde ulionitengenezea, wenye gurudumu kila ncha. Tangu nipate mimba nilikuwa sijaugusa. Nyuma ya kiwanda cha sabuni ninapofungasha maboksi kuna uwanja mtupu wenye ukuta mrefu, na mlinzi ameniruhusu nitundike gunia la matambara nilenge nikitoka kazini. Lakini upinde haujakaa sawa. Nikivuta mpaka mwisho, gurudumu la juu linafika kabla ya la chini, na mshale unapanda kama umeitwa na ndege. Wewe ndiye uliyezifunga kebo zake, basi niambie nifanyeje.

Jirani aliponiona nimeubeba akasema, "Mama Chiriku, hiyo antena itashika mpaka stesheni za ng'ambo!" Chiriku ndiye mjukuu wako. Tunamwita hivyo kwa kelele zake.

Akupendaye,
Mwanao


21 Machi

Salamu.

Mimi mzima. Mguu upo.

Upinde wako una kamba moja ya kurushia mshale, na kebo mbili za kuyafanya magurudumu yazunguke pamoja. Kebo zikikaa zinalegea, tena hazilegei sawa. Usifungue kitu kabla hujayakandamiza mabawa mawili ya upinde kwa ile jeki ndogo ya pinde. Yakifyatuka yatakung'oa meno. Kisha chomoa ncha ya kebo inayojikunja kwenye gurudumu linalotangulia, isokote nusu mzunguko kufuata ilivyosokotwa, uirudishe. Nusu tu, usiwe na pupa. Na usiachie kamba bila mshale hata kwa mzaha.

Fundi wa pinde


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mguu je? Sisi wazima, ila Chiriku anaota jino na nyumba nzima inajua.

Umetia sahihi kama unamwandikia mteja! Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia.

Jeki ninayo. Niliikuta ndani ya begi la upinde siku nilipofika huku, imeviringishwa kwenye soksi yako. Siku ile naondoka hukutoka hata chumbani, kwa hiyo sijui iliingiaje humo.

Nimesokota kama ulivyosema. Ila nilizisokota zote mbili, nikaona nisibague. Sasa upinde ni mgumu kama mlango wa benki, na gurudumu la juu bado linatangulia. Usinikasirikie.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Soksi ile niliitafuta sana.

Kebo si mapacha, huzinunulii nguo za sare. Umezifupisha zote, ndiyo maana upinde umekuwa mgumu na kosa limebaki palepale. Ya chini irudishe ilivyokuwa. Ya juu iache na hiyo nusu yake.

Halafu lipo jambo ambalo barua hailiwezi. Anayevuta hayaoni magurudumu yake. Mmoja anavuta, mwingine anasimama pembeni anatazama lipi limefika kwanza. Hapa nilikuwa nakutazamia mimi. Huko nani anakutazamia? Na mtoto unamweka wapi ukivuta?

Baba yako


20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Umemuulizia! Barua nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya kuingia kazini mpaka msimamizi akanisukuma: "Wewe, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia kuna mtu ameuliza mtoto wangu anawekwa wapi. Hakuelewa.

Baba, ana meno mawili na kidevu chako. Hawezi kuona kijiko akakiacha, lazima akigonge mahali asikilize kinaliaje, kama wewe unavyogonga mishale kusikia kama ina ufa. Nikivuta namweka mgongoni. Nikimweka chini anatambaa kwenda kwenye gunia. Basi mimi navuta kamba, yeye anavuta nywele zangu.

Kebo ya chini nimeirudisha. Wa kunitazamia sina. Jirani alikubali, lakini nilipovuta tu alifumba macho akapiga ukelele. Nikaegemeza kioo ukutani, nikajiona mimi tu.

Nikifika mwisho wa kuvuta huwa nangoja. Nangoja useme "shusha bega" nyuma yangu. Mkono ukichoka naachia mshale uende unakotaka.

Baba yake Chiriku hakurudi, kama ulivyosema. Ulisema kweli, Baba. Ila siku ile nilipokuambia nina mimba uliisema kwa sauti kubwa mno.

Mwanao


12 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sijapata jibu.

Kama nimekosea kumtaja yule mtu, nisamehe. Kama ni lile la sauti, lifute, ujifanye hukulisoma. Upinde nimeurudisha chini ya kitanda. Sikuulizi tena habari za kebo. Niandikie tu kwamba mguu ni mzima, hata mstari mmoja.

Chiriku ameanza kusimama akishika kiti.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba, kwa shikamoo za barua zako zote. Mguu mzima. Nilikuwa naandika na kuchana, naandika na kuchana, mpaka kijana wa duka la karatasi akaniuliza kama nafungua shule.

Mgongoni! Mtu mwenye akili zake anavuta upinde na mtoto mgongoni? Kebo ikikatika inachapa kama mjeledi, haichagui mkubwa wala mdogo. Na bega litashukaje wakati limekaliwa na mtu? Upinde ule niliupima kwa msichana aliyesimama peke yake. Sasa wewe unasimama vingine, unaegemea upande mmoja, mshale lazima upande. Hata ungesokota mpaka kebo zikaisha, hautakutii mpaka nikupime upya, na kupima kunataka mkono wangu uwe begani kwako.

Sauti yangu ya siku ile naijua. Naisikia humu ndani mpaka leo, maana hakuna nyingine.

Nimeifunga karakana. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Upinde uache huko chini ya kitanda, usivute mpaka nifike. Utavuta wewe, mimi nitasimama pembeni nitazame magurudumu. Mtoto nitambeba mimi. Kazi yenyewe ni ya macho na mkono mmoja, wa pili huwa hauna la kufanya.

Babu