Chai Chini ya Nguo za Mtoto

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi,

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ana mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya na daktari kasema ni upasuaji, basi Jumatatu asubuhi tukafika hospitali, naye alishaambiwa asile kitu tangu usiku, lakini dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki na ambaye sijawahi kumpinga, alikuwa ameficha chupa ya chai ya maziwa na mkate kwenye kikapu chini ya nguo za mtoto, akasema, "Kunywa wifi, upasuaji na njaa wapi na wapi," nami nikasimama mlangoni muuguzi asije akatukuta, halafu daktari wa usingizi akaja akauliza mgonjwa amekula nini, dada akajibu, "Tangu jana hajagusa hata maji," mimi nikaitikia kwa kichwa, mke wangu akasema ukweli kwamba amekunywa chai, upasuaji ukaahirishwa hadi Alhamisi, sasa dada anadai ameaibishwa, lazima wifi yake amwombe radhi, tena akatae sindano ya ganzi ya mgongo maana itamlemaza, na eti mwanamke asiyesikia uchungu hawezi kumpenda mwanawe, na mke wangu amenigeuzia mgongo siku ya pili hii, nami niko katikati, nifanye nini dada aridhike na mke asinune?

Fundi Niliyebanwa

Fundi,

Katikati ya nini? Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekukuta mlangoni unalinda chupa ya chai. Usijipe huruma usiyostahili.

Hebu nikuulize. Mteja akileta kitambaa, unakata kabla ya kumpima? Basi yale maswali ya daktari wa usingizi, umekula nini, saa ngapi, unatumia dawa gani, dawa gani inakudhuru, jino gani linacheza, ndiyo vipimo vyake. Mteja akikudanganya kiuno, gauni litambana tu. Mkeo angedanganya, kisha ikalazimu alazwe usingizi kabisa, chai ile ingeweza kupanda kooni na kuingia mapafuni, naye hana habari. Watu hufa hivyo, bwana. Leo ungekuwa unakata sanda. Na usiniambie alikuwa achomwe mgongoni tu, maana mambo yakigeuka humo ndani hulazimika kumlaza.

Sasa tuje kwa bingwa wa migongo, dada yako. Alisomea wapi? Mkeo ataketi, atainama na kutulia, atachomwa, miguu itapata joto kisha itakuwa mizito. Watamjaribu kwanza kama ganzi imeshika. Atahisi kuvutwavutwa, lakini maumivu makali hapana, na akiyasikia aseme hapohapo, hakuna zawadi ya kuvumilia. Anaweza kutetemeka, kusikia kichefuchefu, presha ikashuka. Ndiyo maana daktari wa usingizi hakai mbali na kichwa chake hadi mwisho. Miguu hurudi baada ya saa chache. Kichwa kikimuuma sana siku zinazofuata, amwambie muuguzi, si wifi yake. Kulemaa ni nadra sana. Ama mgongo kuchoka baada ya kujifungua, amebeba mtoto miezi tisa, ulitaka uimbe?

Na lile la uchungu na mapenzi ndilo lililonichekesha hasa. Dada yako alikulea akakupenda hadi leo anakuchagulia hata pa kusimama. Alikusikilizia uchungu siku gani? Hakukuzaa! Mwulize hilo, kwa adabu, baada ya shikamoo.

Radhi iombwe, ndiyo, na muombaji ni wewe. Umenijazia ukurasa mzima kuhusu kinachomuudhi dada, hukuandika hata neno moja kuhusu anachokiogopa mkeo. Leo funika cherehani mapema, kamwulize, kisha nyamaza usikilize. Maswali mtakayobaki nayo myapeleke kwa daktari wa usingizi, ndiyo kazi yake kuyajibu. Alhamisi dada abaki nyumbani, kikapu ukipange wewe, nguo moja moja. Na daktari akiuliza tena, mwache mkeo ajibu. Jumatatu mlikuwa watatu chumbani, mkweli alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anakwenda kupasuliwa.