Ukuta wa Tarehe za Barafu

Övertorneå, 2 Machi

Mwanangu Tuva,

Vipi huko Ureno, jua halijakubabua? Mimi ni mzima, kifua tu kinanisumbua kidogo. Simu usinipigie, masikio yangu unayajua. Nasikia kama mtu anakaanga samaki. Niandikie.

Jirani yetu Ingegerd analeta mkate kila Jumamosi, na umbea wa wiki nzima juu yake. Eti wanafunzi wa huko wanapanda ndege kila wikiendi, leo Roma, kesho Paris. Nikamwambia, wengine labda, si Tuva wangu.

Mto wetu huku kaskazini bado umeganda. Barafu ikikaribia kupasuka, njoo tuandike tarehe kwenye ukuta wa banda la mashua, kama kila mwaka.

Baba yako

Coimbra, 20 Machi

Baba kipenzi,

U mzima? Kifua kimepoa? Mwambie Ingegerd safari hii hakukosea. Wenzangu wa darasani walikwenda Madeira kwa ndege, siku mbili tu, wakapige picha. Mimi nikabaki, wakaniita Bibi Reli. Basi nikawasimulia habari za ukuta wetu: babu alipoanza aliandika Mei 21, na mwaka jana sisi tuliandika Mei 6. Nikawaambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi na sita tuliweka mikono juu ya tarehe hizo, tukaahidiana kwamba ndege basi, si mimi si wewe, maana moshi wake unaongeza joto linaloyeyusha barafu mapema. Na kwamba baba mdogo Sixten alipofia Kanada hukwenda kumzika, ukakaa jikoni na picha yake.

Tangu siku hiyo hawaniiti tena Bibi Reli. Najivunia wewe, baba, nasema kweli.

Mei nakuja, kwa treni, siku nne na usiku wake. Nitakuletea machungwa.

Binti yako

Övertorneå, 14 Aprili

Tuva,

Salama huko? Samahani kwa kukaa kimya. Walinilaza hospitali wiki moja, wakanipima mapafu. Madaktari wenyewe watoto wadogo, ndevu hazijaota, na maneno yao mengi. Sasa niko nyumbani. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia kitandani. Ni uvivu tu.

Baba yako

Coimbra, 23 Aprili

Baba,

Uvivu? Wewe? Mtu anayepasua kuni mpaka siku ya Krismasi? Hali yako ikoje hasa, niambie ukweli!

Nimempigia Ingegerd mara tano, hapokei. Umemkataza, sivyo? Sikiliza. Ndege zipo kila siku kutoka Lisbon. Nikiondoka asubuhi, kesho yake niko jikoni kwako. Ahadi ni yetu wawili, na wawili tunaweza kuivunja. Sema neno moja tu, baba. Naogopa.

Binti yako

Övertorneå, 29 Aprili

Mwanangu,

Usiogope. Ndiyo, nimemkataza, maana mwanamke yule anakuza mambo. Njoo kwa treni kama tulivyoahidiana. Barafu bado nene, muda upo. Jibini la kutia kwenye kahawa, kama desturi yetu, nimeshakukatia.

Baba yako

Övertorneå, 9 Mei

Baba,

Leo sikuulizi hali yako.

Barua yako niliipata tarehe tatu, nikapanda treni siku hiyohiyo. Karibu na Hamburg tulikwama kwa muda wa saa saba. Nilikuwa na njaa, lakini machungwa sikuyagusa, ni yako. Jana mchana nikashuka kwenye basi, nikamkuta Ingegerd amesimama kituoni amevaa nguo nyeusi. Nikajua umeshafariki.

Umeniwahi kwa siku mbili. Mbili tu, baba! Anasema ulikuwa ukimuuliza kila saa treni yangu imefika wapi, naye akikutajia miji yoyote aliyoikumbuka.

Nina hasira na wewe. Na mimi mwenyewe najichukia, kwa sababu niliposoma "njoo kwa treni" moyo wangu ulitulia. Nilishajisifu mbele ya watu, nikaona umenisaidia nisiaibike. Mtoto gani huyo?

Barafu imepasuka leo asubuhi. Nimeandika tarehe chini ya mwandiko wako, nikakaa pale bandani nikalia mpaka Ingegerd akaja kunichukua.

Nilikuwa natafuta nguo za kukuzika nazo. Kwenye mfuko wa koti lako la buluu nimekuta bahasha, imebandikwa stempu, ina anwani yangu. Nimeisoma. Uliiandika siku moja kabla ya ile uliyonitumia. Naikunja pamoja na hii, uondoke nazo zote.

Binti yako

Övertorneå, 28 Aprili

Tuva wangu,

Mimi si mzima. Madaktari wamenipa wiki moja, labda mbili.

Kuna jambo sikukwambia. Sixten alipokuwa anaumwa aliniandikia, akaniomba niende. Nikamjibu habari za ukuta na za ahadi. Hakuniandikia tena. Ndiyo maana naona haya kukuomba wewe kitu nilichomnyima ndugu yangu.

Lakini nakuomba. Panda ndege, mwanangu. Usisubiri treni.

Baba yako